Mteremko hauna huruma: tutazame breki kabla ya mzigo

Jioni moja ya masika baba mmoja alifika hospitalini kwetu akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa wa darasa la tano. Mchana ule alitumwa kupeleka mkungu wa ndizi sokoni kwa baiskeli. Kwenye mteremko wa changarawe breki hazikushika, akaanguka, na ncha ya usukani ikamgonga tumboni. Kwa kuwa hakuwa na jeraha la nje, nyumbani walimpa maji wakamwambia apumzike. Baada ya saa chache alianza kupauka na kulalamika kwamba bega la kushoto linamuuma. Kumbe alikuwa anavuja damu ndani ya tumbo. Alipasuliwa usiku uleule, na tunashukuru alipona.

Baba yule alituambia, "Nesi, barabara hizi zitatumalizia watoto." Usiku ule hatukuwa na nafasi ya kumjibu. Tunapenda kumjibu leo, yeye na wazazi wote wenye baiskeli nyumbani.

Kwa maoni yetu, tunaisingizia barabara mno. Mji wa Bukoba umekaa kando ya Ziwa Viktoria na vilima viko nyuma yake. Atokaye Miembeni kwenda vijijini hana budi kupanda, na arudipo hana budi kuteremka. Wenzetu wa Maruku, Bugabo, Kamachumu na Nshamba wanajua vilevile: njia inatoka kibanjani, inakata rweya, inashuka bondeni kwenye maji, kisha inapanda tena. Vilima hivi havitaondoka. Hata barabara ikichongwa upya hatari haiishi, kwa maana changarawe mpya iliyolegea huteleza kuliko ile iliyokwisha kushindiliwa, na njia iliyonyooka humfanya mtu aongeze mwendo. Tunachoweza kubadili ni vitu vitatu: breki, mzigo, na yule tunayemtuma.

Hatuandiki haya ili mwache baiskeli. La hasha! Siku hizi, tangu pikipiki zilipoenea, familia nyingi zinaona baiskeli ni chombo cha maskini. Vijana wanaiuza kwa bei ya bure. Wakati huohuo tunapokea watu wa makamo wengi wenye shinikizo la damu na kisukari, na miongoni mwao wapo wasiotembea hata hatua mia tano kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Anayeendesha baiskeli nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, amekwisha kufikia dakika 150, tena bila kununua petroli.

Wala baiskeli si ya wanaume peke yao. Bado tunasikia wazee wakisema kwamba msichana akipanda baiskeli anajiaibisha. Mwezi Septemba 2025 jirani zetu wa Rwanda walipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, na wanawake walipanda vilima vile kama wanaume. Binti anayefika shuleni mapema na salama kwa baiskeli hana aibu yoyote.

Lakini dawa yoyote ina kipimo chake, na baiskeli kwenye changarawe ni hivyohivyo. Wengine hudhani wanaoanguka ni wale wasiojua kuendesha. Sule Kangangi wa Kenya alikuwa mwendesha baiskeli hodari, nahodha wa timu ya Amani. Mwezi Agosti 2022 alianguka akiwa katika mwendo mkali kwenye mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na ujuzi wa miaka mingi. Je, mtoto wetu wa miaka kumi na moja, mwenye mkungu nyuma na breki zilizolika, tunamtegemeza kwa nini?

Tunajua mtakavyotujibu. Mama atasema, "Nisipomtuma mtoto, ndizi zitaivia ndani na sabuni sitanunua." Ni kweli, na hatumlaumu mama huyo, maana sisi pia tumelelewa kwa ndizi hizohizo. Tunachoomba ni kwamba mzigo mzito ubebwe na mtu mzima, na kwenye mteremko mkali ashuke aikokote baiskeli kwa mkono. Dakika kumi za kukokota ni chache kuliko majuma ya kulala wodini. Hata fedha, raba za breki ni rahisi kuliko matibabu ya mfupa mmoja uliovunjika.

Basi tunawashauri haya:

1. Breki zote mbili zishike, ya mbele na ya nyuma. Rimu ikilowa, breki za raba hupoteza nguvu. Kwa hiyo wakati wa mvua anza kufunga breki mapema, polepole, kabla mwendo haujakuzidi.

2. Ncha za usukani zisiwe wazi. Mpira wa mkono ukitoka, rudisha mwingine. Chuma kitupu hupasua tumbo.

3. Mtoto mdogo asipakiwe kwenye keria miguu ikining'inia. Kisigino kikiingia kwenye spoki huweza kusagika. Likitokea, usiuvute mguu kwa nguvu. Simamisha gurudumu, legeza au kata spoki. Jeraha linaweza kuonekana dogo siku ya kwanza, kumbe ngozi imepondeka na itakufa baada ya siku mbili au tatu.

4. Safisha jeraha lolote la changarawe kwa maji safi mengi na sabuni. Usipake majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Fika kituo cha afya uulizie sindano ya pepopunda.

5. Mwenye uwezo anunue kofia ngumu. Hupunguza majeraha makubwa ya kichwa kwa zaidi ya nusu.

6. Barabara kuu ya lami itokayo Mutukula kupitia Bukoba hadi Muleba na mbele yake ina mabasi na malori. Ikiwa ipo njia ya ndani ya changarawe ifikayo kulekule, mtoto apitie hiyo, hata kama ni ndefu zaidi.

Aliyeanguka apelekwe hospitali mara moja akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akitokwa na damu au maji masikioni au puani, akipata degedege, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine. Vivyo hivyo aliyegongwa tumboni na usukani, hata kama ngozi haikuchubuka. Msingoje asubuhi.

Tuna ombi pia kwa wanaosimamia barabara zetu, halmashauri pamoja na wakala wa barabara za vijijini na mijini, yaani TARURA. Mnapotia lami, msisahau ukingo wa kupita waenda kwa miguu na baiskeli. Hao ndio wengi.

Na kwa jumuiya ndogondogo tunalo pendekezo. Karibu kila jumuiya ina mtu anayejua ufundi wa baiskeli. Kabla ya vuli na kabla ya masika, mwombeni akae siku moja mahali mnapokutania, kila familia ilete baiskeli yake, na walio na uwezo wachangie raba za breki kwa ajili ya wajane na wazee.

Msingoje siku hiyo kuanza. Leo jioni, baba au mama, igeuze baiskeli ya nyumbani miguu juu, zungusha gurudumu kwa nguvu, kisha kamata breki. Likiendelea kuzunguka, mtoto asitumwe kesho.