Ukigonga ukingo wa barabara, usiishie kufuta ringi!

Wiki yangu haikuwa shwari, na leo nakuja kwako kama mtuhumiwa, siyo mtoa ushauri. Soma taratibu, halafu unihukumu mwenyewe.

Ijumaa iliyopita nilimwomba braza gari lake, IST, nikamdanganya eti nakwenda kusambaza kadi za michango ya harusi ya mshikaji wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na miadi Sinza, na kwa jinsi nilivyokuwa nimejitapa, nisingeweza kutokea nikiwa nimeshuka kwenye daladala. Si unajua tena mambo ya ujana!

Basi bwana, nipo barabara ya Shekilango, mkono mmoja kwenye usukani, muziki juu, mara bodaboda akachomoka mbele yangu. Nikakata kushoto. Puu! Tairi la mbele likabamiza ukingo wa zege. Nikashuka huku magoti yananicheza, nikamulika kwa simu. Ringi imechubuka kidogo, upepo umo. Nikamshukuru Mungu nikaendelea na safari yangu. Usiku ule nikaisugua ringi kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Ila kuna kitu kilinikosesha usingizi. Wakati narudi, gari lilikuwa linakwenda moja kwa moja lakini usukani umekaa upande. Asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, braza akasema: "Kesho alfajiri nawapeleka watoto kwa bibi yao Morogoro." Chai ikanipalia. Kilomita kama 190, malori kila kona, na wale watoto wawili wamekaa nyuma!

Nikaaga kwamba nakwenda kuosha gari, nikakimbilia kwa mzee mmoja fundi pale Kijitonyama, gereji yake iko chini ya mwarobaini. Hakufungua hata boneti. Aliangalia ringi, akatabasamu: "Mwanangu, hii imepigwa mswaki. Uligonga nini?" Nikamwaga yote.

Sasa sikiliza alivyofanya, maana siku moja litakukuta na wewe.

Kwanza aliliegesha gari sehemu tambarare, akasimama mbele na kulinganisha magurudumu mawili. Aliangalia kama moja limeinama kuliko jingine, au limerudi nyuma na kusogelea bodi. Likiwa hivyo, ujue mkono wa chini au shokapu vimepinda. Letu lilikuwa sawa. Nikaanza kupumua.

Pili akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akapiga jeki, akaweka na stendi. Akanionya nisije nikaingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Akalishika tairi kushoto na kulia, akalitikisa. Lilicheza. "Hapo ni tairodi," akasema. Akalishika juu na chini, likatulia. Lingecheza na hapo, angeitafuta boljointi au beringi.

Tatu akalizungusha tairi huku ameshika kijiti karibu na ringi. Ringi iliyopinda inakisogelea kijiti na kukiacha. Barabarani utaijua kwa usukani kutetemeka ukichanganya mwendo, au upepo kupungua kidogo kidogo kila siku. Ya braza ilizunguka vizuri. Akaniambia pia kwamba mvumo unaopanda kadiri unavyoongeza mwendo mara nyingi ni beringi, na mgongano wa "ko ko" kwenye mashimo ni bushi au boljointi. Shokapu likilowa mafuta, hilo limekwisha.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi, ule usioonekana ukiwa umesimama nje. Akanyamaza. Akanishika mkono, akauweka pale. Msomaji wangu, palikuwa na nundu kubwa kama nusu ya limau! Akanieleza kwamba tairi likibanwa kati ya ringi na zege, nyuzi za ndani zinakatika, na pale upepo unabaki unazuiwa na mpira mtupu. Haliwekwi kiraka hilo. Linaweza kumaliza wiki, linaweza kupasuka leo kwenye mwendo mkali.

Kijana wake mmoja akapendekeza tairodi ichomwe moto inyooshwe, na tairi lihamishiwe nyuma ili nibane matumizi. Mzee alimkata jicho kali! Chuma cha usukani kilichopinda kinabadilishwa, hakinyooshwi, akasema. Na tairi lenye nundu, mbele au nyuma, ni lile lile. Vikishafungwa vipya ndipo unakwenda kupima alaimenti. Ukianza na alaimenti huku kifaa kimepinda, umetupa hela, maana ama haitakubali, ama itaharibika tena.

Mfukoni sikuwa na hela ya hata nusu ya tairi. Nilikaa chini ya ule mwarobaini muda mrefu. Nilifikiria kunyamaza. Nusu yangu ilisema Morogoro si mbali, watafika tu. Halafu nikaukumbuka mkono wangu juu ya ile nundu.

Nikampigia braza, akaja kwa bajaji. Nilimweleza kila kitu, mpaka habari ya miadi na ile dawa ya meno. Hakunigombeza. Aliipapasa nundu, akakaa kimya, kisha akauliza: "Ungeniambia lini, dogo? Tukiwa Chalinze?" Heri angenizaba kibao.

Safari ikasogezwa mpaka Jumatano, tairi na tairodi vikanunuliwa, alaimenti ikapimwa, na watoto walifika kwa bibi salama. Mimi namlipa braza kidogo kidogo, hata malipo ya safu hii unayoisoma yanakwenda kwake moja kwa moja.

Kwa hiyo vijana wenzangu, mkigonga ukingo msiangalie nje tu. Pitisheni mkono upande wa ndani, na kama gari ni la mtu, mwambieni siku hiyo hiyo.

Kwa leo naishia hapa, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na ukiniona kwenye daladala ya Sinza, nisalimie tu, usiniulize gari liko wapi!