Mdhamini Wetu ni Mmoja: Ilani ya Kuanza Kwetu

Sisi washirika, wazee wa kanisa na wachungaji wa madhehebu mbalimbali tumeungana kwa neno hili: wokovu wetu umedhaminiwa na Kristo, wala hakubakiza deni ambalo mtumishi yeyote atulipie.

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Marehemu hatuwalaumu. Tunauliza ni nani aliyetufundisha Wakristo kwamba neema ya Mungu ina foleni, na kwamba aliyechelewa ataikuta imekwisha.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 7, unamtaja Yesu kuwa mdhamini wa agano. Waliowahi kukopa kwenye vikundi wanaujua uzito wa neno hilo: mkopaji akishindwa, mdhamini ndiye anayefuatwa, na mbuzi wake ndio wanaoswagwa. Kristo alifuatwa hadi Golgotha, akalipa. Na kwa kuwa amefufuka, udhamini wake hauna siku ya kwisha.

Kwa hiyo tunakataa mafuta, maji, chumvi na vitambaa kuuzwa kana kwamba ni hati za baraka. Tunakataa sadaka kuitwa mbegu inayomlazimisha Mungu alipe. Tunakataa mgonjwa asiyepona kuambiwa imani yake ni haba. Hili linatuuma kuliko yote, maana linamtwisha mnyonge mzigo ambao Mdhamini alikwisha kuubeba.

Tutaambiwa kwamba tunawafungulia watu mlango wa kutenda dhambi. La hasha! Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopamba moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, waliungama wizi wao hadharani na kurudisha mali za watu. Miaka ya 1950, katika Kenya ya kati, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema damu ya Kristo imewatosha. Wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Hawakuwa wakiutafuta wokovu kwa ushujaa huo. Walikuwa wameshaokoka, ndiyo maana hawakuogopa.

Tunajifunga kwa haya: hakuna mwenzetu atakayepokea fedha kwa kumwombea mtu. Hesabu zetu zitasomwa kila mwezi mbele ya wote. Mgonjwa tutamtembelea nyumbani kwake, tutaomba naye, na tutamhimiza asiache dawa alizoandikiwa hospitali. Anayekubaliana nasi na aje, kiingilio hakuna.