Kuwachunguza Watakatifu Si Dhambi

Jumapili iliyopita padre mmoja alihubiri kwamba anayehoji habari za watakatifu ameshaanza kupoteza imani. Kanisa zima likatikisa vichwa kukubali. Nilitoka nimekasirika, na hasira haijaniisha, maana maneno yale yanawatukana mapadre waliomaliza maisha yao wakihoji habari hizo hizo.

Mwaka 1607 Mjesuiti Heribert Rosweyde alitangaza mpango wa kuchapisha maisha ya watakatifu kama yalivyo katika miswada ya kale, bila mapambo ya wasimuliaji. Alifariki 1629 kabla hata juzuu moja ya kazi hiyo haijatoka. Jean Bolland, Mjesuiti mwenzake, akaipokea. Mwaka 1643 juzuu mbili za kwanza za kazi hiyo, iliyoitwa Acta Sanctorum, zikachapishwa Antwerp, na zote mbili ni za watakatifu wa Januari tu! Mwaka 1660 wasaidizi wake, Godfrey Henschen na Daniel Papebroch, walifunga safari ya Roma, wakipita maktaba moja hadi nyingine kunakili miswada. Hao nao hawakuwa na imani?

Papebroch alikataa dai kwamba nabii Eliya ndiye mwanzilishi wa shirika la Wakarmeli. Wakarmeli wakaja juu, na mwaka 1695 mahakama ya dini ya Hispania ikapiga marufuku juzuu 14 za Acta Sanctorum. Papebroch hakuasi. Alifariki 1714 akiwa Mjesuiti yule yule, na mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa.

Wapo wanaosema eti hadithi hata ikiwa ya uongo, maadamu inajenga, iachwe. Inajenga nini? Muumini akishagundua kwamba alidanganywa kuhusu mtakatifu mmoja, atawaaminije wengine? Uvivu huo huo wa kutohakiki ndio unaotujazia simu sala za “tuma kwa watu kumi upate baraka”. Na huku madaftari ya ubatizo, ushahidi wetu wenyewe, yanaachwa kabatini mpaka kurasa zinashikana kwa unyevu na pembe zinaliwa na mchwa. Nani anajali?

Uongo haumpi mtakatifu heshima yoyote. Mapadre, someni kabla ya kusimulia. Nanyi waumini, msiogope kuuliza: habari hii iliandikwa na nani, lini, naye aliipata wapi? Wajesuiti wa Antwerp waliuliza hivyo, na hawakuacha kusali.