Soumission: kitabu kilichohukumiwa kabla ya kufunguliwa

Riwaya ya Michel Houellebecq, Soumission, ilifika madukani Ufaransa siku ya Jumatano tarehe 7 mwezi wa kwanza 2015. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, watu wenye silaha walishambulia ofisi ya gazeti Charlie Hebdo jijini Paris, wakaua watu 12. Ukurasa wa kwanza wa gazeti hilo juma lile ulikuwa na kikatuni cha Houellebecq mwenyewe, amevalishwa kama mpiga ramli. Kati ya waliouawa alikuwemo Bernard Maris, mwanauchumi na rafiki yake, ambaye miezi michache mbele alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya kazi zake. Houellebecq alisimamisha matangazo, akaondoka Paris.

Tangu hapo, watu wengi wanaamini kwamba ni mauaji yale yaliyoharibu mazungumzo juu ya kitabu hiki. Sivyo. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Nakala za wizi zilikuwa zinazunguka kwenye intaneti tangu mwisho wa 2014. Laurent Joffrin wa gazeti Libération alikuwa amekwisha kuandika kwamba riwaya hii inarudisha mawazo ya mrengo wa kulia mkali ndani ya fasihi kubwa. Emmanuel Carrère, mwandishi mwenzake, alikisifu katika Le Monde na kukiweka karibu na vitabu vya Orwell na Huxley. Raisi François Hollande alisema atakisoma kwa sababu kinaleta mabishano. Marine Le Pen alisema ni hadithi ambayo siku moja inaweza kuwa kweli. Halafu, siku iliyofuata mauaji, waziri wa kwanza Manuel Valls alitangaza redioni kwamba Ufaransa si Houellebecq, si chuki wala woga.

Waziri wa kwanza, wafu hawajazikwa bado, anahakiki riwaya! Alichofanya Valls ni kumweka mwandishi kwenye mzani mmoja na hatari inayotishia inchi, wakati mwandishi huyo alikuwa ametoka kumpoteza rafiki. Kama alitaka watu wasikinunue, ilikuwa kinyume: kitabu kilipanda juu kabisa ya orodha za mauzo Ufaransa, Ujerumani na Italia.

Basi ndani kuna nini? Mwaka ni 2022. Mohammed Ben Abbes, kiongozi wa chama cha kiislamu, anafika duru ya pili pamoja na Marine Le Pen. Vyama vikubwa vya kushoto na vya kulia vinamuunga mkono Ben Abbes ili kumzuia Le Pen, naye anashinda. Hakuna vita. Sorbonne inapata pesa za Saudia, na profesa anayekubali kuwa muislamu analipwa mshahara mara tatu. François, profesa wa fasihi, mtu mpweke na mchovu, anapima faida yake.

Hicho ndicho wahakiki wengi waliruka. Walibishana juu ya Uislamu, lakini anayechekwa zaidi ndani ya kitabu ni msomi wa Ufaransa: yule aliyefundisha uhuru miaka ishirini, kisha anauacha kwa sababu ya cheo, nyumba nzuri na wake walioteuliwa na wengine. Msomaji wa Bukavu ao wa Goma hahitaji kuelezwa kwa urefu habari ya mtu anayegeuza koti. Tunamjua, wakati mwingine hata tunamsalimia kwa heshima.

Sura ya mwisho yote inasimama juu ya kitu ambacho Kiswahili kinakibeba kwa silabi moja: nge. François angeingia msikitini, angetamka shahada, angeanza maisha mapya. Mwandishi hasemi kwamba alifanya. Ukiisoma sura ile kama utabiri, umeisoma vibaya.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba waliokasirika hawakuwa na sababu. Mwaka wa 2001 Houellebecq aliutukana Uislamu katika mahojiano na jarida Lire. Alishtakiwa, na mwaka wa 2002 tribunali ikamwachilia. Mtu mwenye historia hiyo hawezi kushangaa akisomwa kwa mashaka. Na riwaya yenyewe ina upungufu ambao hata wanaoisifu wangepaswa kuutaja wazi: ni kitabu juu ya waislamu ambamo waislamu karibu hawasemi. Ben Abbes tunamwona kwa mbali, kwenye televisheni. Anayetetea dini kwa kurasa nyingi ni Rediger, mzungu aliyebadili dini na kupata cheo chuoni. Mke wake wa miaka 15 anapita tu mlangoni. Mfanyakazi muislamu wa viunga vya Paris, aliyepanda treni asubuhi ya tarehe 8 mwezi wa kwanza huku watu wakimtazama kwa jicho lingine, ndani ya kitabu hayumo. Ndani ya makala nyingi za magazeti pia hakuwemo.

2022 ya kweli ilikuja. Le Pen alifika duru ya pili kama katika riwaya, lakini mbele yake alisimama Emmanuel Macron, aliyeshinda kwa asilimia 58,5. Chama cha kiislamu hakikuonekana. Wafaransa watachagua raisi tena mwaka wa 2027, na wale wanaoitumia Soumission kama ushahidi wa kile ambacho waislamu wanataka bado wanazungumza. Waulizwe profesa François anafanya nini katika sura ya mwisho.