Kailo: mtoto anajifunza shambani, lakini shule haimhesabu

KINDU – Mwanzoni mwa Septemba masomo yanafunguliwa katika jimbo la Maniema kama kote nchini. Lakini huo ndio wakati mvua zinaporudi. Katika wilaya ya Kailo, inayopakana na mji wa Kindu, familia iliyokata msitu na kuuchoma wakati wa kiangazi haiwezi kungoja: mpunga lazima uingie udongoni. Shamba likiwa mbali na kijiji, baba na mama wanabeba sufuria, mikeka na majembe, wanahamia huko pamoja na watoto. Mtoto wa miaka saba hawezi kuachwa kijijini peke yake. Basi, nani atamfundisha kusoma?

Swali hili linaulizwa kimya kimya kila mwaka, na kila mwaka linajibiwa kwa namna mbili tu. Ama mtoto anakosa wiki nyingi za darasa, ama mama anabaki kijijini naye na shamba linapungukiwa mikono. Kuna njia ya tatu ambayo haizungumzwi sana: mzazi anayejua kusoma kumfundisha mtoto palepale shambani. Njia hiyo inawezekana. Kinachokosekana ni mtu wa kuitambua.

Katiba imekwisha sema

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema mambo mawili ambayo mara nyingi watu wanakumbuka moja tu. La kwanza linajulikana: masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. La pili linasahaulika: wazazi wana haki ya kuchagua aina ya malezi ya kuwapa watoto wao. Kifungu cha 204 nacho kinaweka elimu ya msingi na kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kati ya mambo ya mkoa, kwa kufuata kanuni zinazowekwa na serikali kuu.

Kwa maneno mengine, mzazi wa Kailo hayuko nje ya sheria anapomfundisha mtoto wake herufi chini ya kibanda cha shamba. Lakini wajibu wa shule unabaki palepale, na sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumnyonya kwa kazi. Kusaidia kufukuza ndege jioni ni jambo moja. Kushinda shambani kutwa kwa miezi, au kufuatana na wakubwa kwenye machimbo ya kasiteriti, ni jambo lingine kabisa.

Bure imefika, njia haijafika

Tangu Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoanza kutekeleza masomo ya msingi ya bure, mzigo mkubwa ulitoka mabegani mwa wazazi. Zamani mtoto alifukuzwa darasani kwa sababu ya minervali na pesa za kumlipa mwalimu. Leo sababu hiyo haipaswi kuwepo tena katika shule ya msingi ya serikali.

Hata hivyo, bure haifupishi njia. Kaye, biki na yunifomu bado zinatafutiwa pesa, na pesa hiyo kwa mkulima inatoka kwenye mpunga uleule, mihogo, karanga na mafuta ya ngazi. Ndiyo maana kumwambia mzazi achague kati ya shamba na shule ni kumwambia achague kati ya vitu viwili vinavyolishana. Bila mavuno hakuna kaye. Bila shule mtoto atarithi jembe tu, hata kama alitaka kitu kingine.

Zaidi ya hayo, shule yenyewe haiko wazi siku zote. Mwaka 2021, na tena Septemba 2024, migomo ya walimu waliokuwa wakidai mishahara bora ilichelewesha masomo katika majimbo kadhaa. Mzazi aliyemwacha mtoto kijijini wakati kama huo alipoteza mara mbili: mtoto hakusoma, na shambani hakusaidia.

Somo la Corona

Nchi imekwisha kuonja masomo ya nyumbani, tena bila kujiandaa. Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya Covid-19. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi Agosti, wengine Oktoba. Desemba mwaka uleule shule zikafungwa tena hadi Februari 2021. Katika kipindi hicho Radio Okapi ilirusha masomo hewani, na watoto wengi walisikiliza kando ya wazazi wao.

Mambo mawili yalionekana. Redio inafika mahali ambapo gari halifiki. Lakini redio peke yake haitoshi: mtoto mdogo anahitaji mtu mzima wa kukaa karibu naye, kumsahihisha mkono, kumuuliza tena kesho alichosikia leo.

Shambani mtu huyo yupo, kama mzazi mmoja alisoma. Kwa mtoto wa darasa la kwanza na la pili kazi si kubwa kama inavyodhaniwa. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia, na Kiswahili ni moja ya hizo nne. Mama hahitaji Kifaransa ili kumwonyesha mtoto silabi. Hesabu nazo ziko mbele ya macho: makopo mangapi yanajaza gunia, mbegu ngapi katika kila shimo, kiasi gani kiuzwe na kiasi gani kiwekwe kwa msimu ujao. Nusu saa asubuhi kabla ya jua kali, nusu saa kabla ya giza, kila siku, ni kitu ambacho familia inaweza kushika.

Mpaka wake lazima usemwe pia. Kuanzia madarasa ya kati Kifaransa kinachukua nafasi kubwa, na wazazi wengi hapo wanakwama. Familia ambayo baba na mama hawajui kusoma haina wa kuanzia. Tena mtoto wa kike ndiye anayepoteza kwanza: wakati kaka yake ameshika kaye, yeye amebeba mdogo wake mgongoni na maji kichwani. Masomo ya shambani yasiyompa yeye nusu saa yake si masomo ya familia, ni masomo ya mvulana.

Nani atamhesabu?

Tatizo kubwa liko mwishoni. Mtoto akirudi kijijini baada ya mavuno, mpunga ukiwa umechukua karibu miezi minne, anakuta rejista imemwandika hayupo. Kwa kawaida ni shule inayompeleka mwanafunzi kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ENAFEP. Alichojifunza shambani hakina mahali pa kuandikwa. Ajabu ni kwamba kwa diploma ya serikali nchi inakubali watahiniwa waliojisomea wenyewe. Mkubwa aliyejisomea anapewa mlango. Mdogo anaambiwa arudie mwaka.

Dawa si kujenga shule katika kila shamba. Mkurugenzi wa shule anaweza kumpa mzazi, kabla ya kuhama, karatasi moja ya masomo ya miezi hiyo, na kumpima mtoto anaporudi badala ya kumfuta. Vituo vya kufidia masomo, vinavyopitisha miaka sita ya msingi katika mitatu, vipo katika mfumo wa nchi kwa wale waliochelewa sana. Tanzania ilifuata njia ya namna hiyo na mpango wa MEMKWA kwa watoto walioikosa shule. Na kama elimu ya msingi ni jambo la mkoa, wakubwa wa Maniema wanaweza kuiomba wizara iruhusu kalenda ya vijijini ipumzike wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna.

Hayo yote hayadai mamilioni ya dola. Yanadai shule ikubali kwamba mkulima wa Kailo hakimbii masomo. Anafuata mvua, ambayo haijawahi kungoja kalenda ya Kinshasa. Mpaka hapo, mtoto anayesoma silabi zake chini ya kibanda ataendelea kuandikwa katika rejista kwa neno moja tu: hayupo.