Mbwa mzee anatafuta nyumba

Mwezi huu siandiki juu ya mahari wala juu ya vijana na pombe. Ninaandika juu ya mbwa. Musicheke kwanza. Mama mmoja wa kanisa letu aliposikia, aliniuliza: "Baba pasta, batu bako na njaa, na weye unaandika juu ya imbwa?" Nilimwomba asome mpaka mwisho, kwa sababu ndani ya habari hii kuna uongo, na aliyesema uongo huo ni mimi.

Nyuma ya kanisa letu, hapa Likasi, alikaa fundi mkubwa wa kampuni moja. Kontrat yake ikaisha, akafunga mizigo akaenda kwao. Mpishi alipata viti na meza, sentineli alipata frigo. Mbwa hakupewa mtu. Wapangaji wapya wakamtoa nje, na yeye akalala mbele ya mlango wa barabara akingojea motokari ambayo haitarudi tena. Kila motokari ikipita, aliinua kichwa. Alikuwa mkubwa, rangi ya udongo, na midomo yake imejaa mvi kama ndevu za mzee.

Alipoanza kuingia katika uwanja wa kanisa kutafuta maji, nilimwambia sentineli wetu amfukuze kwa mawe. Ninaandika hayo kwa haya. Sentineli alitupa jiwe moja, kisha akaacha, akasema: "Baba pasta, huyu hata hakimbie. Ananiangalia tu."

Watoto walitangulia kuwa na huruma. Binti mmoja wa miaka kumi na miwili, wa kwaya ya vijana, alimletea bukari iliyobaki nyumbani. Siku moja vijana wakawa wanacheza maneno ya shule, mmoja akapaza sauti mbele yake: "Assis!" Mbwa akaketi. Ilikuwa kicheko kikubwa. "Imbwa iko najua Français kupita sisi!" Tokea siku ile alikuwa mbwa wao, ingawa hakuna mzazi hata mmoja aliyekubali alale kwake.

Kisha hatari ikaingia. Katika kartie ya jirani, mbwa asiyejulikana alimuuma mtoto. Mama yake alikuwa na akili: aliosha kidonda palepale kwa sabuni na maji mengi, akamkimbiza hospitali, mtoto akachomwa sindano zote, hakuugua. Lakini watu waliogopa, na walikuwa na sababu. Kichaa cha mbwa kikisha kuonekana katika mtu, karibu hakuna anayepona. Waganga wa Shirika la Afya Duniani wanahesabu watu kama 59.000 wanaokufa kila mwaka kwa ugonjwa huo, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Wengi sana waliupata kwa kuumwa na mbwa. Kwa hiyo wazazi, mukumbuke: mtoto akiumwa, muoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, musiweke majani wala mafuta ya motokari, halafu muende hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni muzima.

Mkubwa wa kartie akatangaza: siku ya posho, kila mbwa asiye na mwenyewe atauawa. Simlaumu. Alikuwa na watoto wa watu mikononi mwake. Lakini siku ya tano jioni, vijana saba walisimama mlangoni pangu, mbwa katikati, amefungwa kwa kamba ya kuanika nguo. Hawakuomba kitu. Walisimama tu.

Kesho yake asubuhi tulimpeleka kwa veterinere wa Leta. Akamfungua kinywa, akatazama meno yaliyolika na macho yaliyoanza kuwa na wingu la buluu. "Miaka kumi, labda zaidi," akasema. Akamchoma chanjo, akachukua kadi. "Jina la mwenye mbwa?"

Kimya. Vijana walitazama chini, yule binti akanitazama mimi. Nilihubiri miaka mingi juu ya Msamaria, lakini sikufikiri kwamba siku moja nitaulizwa namna hii, mbele ya meza yenye damu ya ng'ombe. Nikasema: "Andika langu, kwa muda." Veterinere akacheka: "Baba pasta, kadi haina nafasi ya kuandika 'kwa muda'."

Basi tukaanza kutafuta. Mchuuzi mmoja alikuja akitaka mbwa mkali wa depo. Aliinua fimbo kumjaribu, mbwa akalala chini na kufunga macho. Mchuuzi akaondoka bila kuaga. Kijana mmoja kreseri alitaka kumfunga karibu na mashimo alinde mifuko ya mawe yake usiku. Nikamuuliza kama kuna kivuli na maji. Akasema ataona. Nikakataa.

Halafu likaja jamaa moja la kanisa letu, watu wazuri, watoto wanne. Nami nilikuwa nimechoka. Bibi yangu alikuwa amechoka pia, maana mbwa alilala jikoni kwetu, na ilikuwa mwezi wa sita, wakati baridi ya Likasi inaingia mpaka mifupani na mbwa mzee hawezi kulala nje. Sasa uongo wenyewe ni huu. Tulikuwa tumekwisha kuona kwamba masikio yake yamekufa nusu. Ukimjia toka nyuma wakati amelala, anaruka na kufungua meno kabla ya kujua wewe ni nani. Baba yule akaniuliza: "Pasta, haina na shida?" Nikajibu: "Hapana, ni mpole kama kondoo." Na ni kweli, ni mpole. Nilichagua ukweli ulionipendeza na kunyamaza juu ya ule mwingine.

Siku ya nne jioni baba yule alirudi na kamba mkononi. Mtoto wao wa mwisho alimwangukia mbwa usingizini, mbwa akageuka na kushika mkono wa shati. Kitambaa kilipasuka, ngozi haikuguswa. Baba hakupaza sauti. Aliniuliza neno moja tu: "Ulijua?"

Nikasema: "Nilijua."

Alitikisa kichwa, akaenda. Siku ya Bwana iliyofuata nilimfuata nyumbani kwake kabla ya ibada, nikaomba msamaha mbele ya bibi yake na watoto. Alinisamehe, lakini kwa muda mrefu alikaa kwenye benchi la nyuma.

Kule London, mama mmoja jina lake Mary Tealby alifungua nyumba ya mbwa waliopotea na wenye njaa katika mwaka 1860. Magazeti mengine yalimcheka, maana watu maskini walikuwa wengi mjini. Nyumba hiyo ilihamia Battersea katika 1871 na iko mpaka leo. Sisi hapa hatuna nyumba ya namna ile, na sisemi tuijenge kesho, wakati zahanati zetu zinakosa dawa. Lakini kazi ya nyumba nzuri za namna hii ni kumjua mbwa kwanza, ndipo kumtafutia watu wanaomfaa, na kusema wazi kasoro zake. Na ikishindikana, mbwa anarudishwa pasipo matusi. Hayo hayahitaji ukuta wala feza.

Kwa hiyo niliketi na vijana tukaandika karatasi. Walimjua kunipita. Waliandika: Ana miaka kumi ao zaidi. Hasikii vizuri, umwite kwa mkono, ama piga mguu chini kidogo ndipo umkaribie. Asikae penye watoto wadogo. Meno mabaya, umpe bukari laini na maji ya ndakala. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika kama sindano na kumchoma ndani. Baridi inamuumiza. Chanjo ya kichaa irudiwe kwa tarehe iliyo katika kadi. Kisha wakaandika mazuri yake: Hali viatu. Haibi mayai. Hajisaidii ndani ya nyumba. Anangojea mtu. Hilo la mwisho binti yule aliliandika mwenyewe, na sikuona sababu ya kulifuta.

Karatasi ile ilisomwa katika vikundi vya wamama na wazee. Majuma matatu, hakuna kitu. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwa upole kwamba wakati mwingine rehema ni sindano ya mwisho kwa veterinere. Mbwa akiwa katika maumivu yasiyo na dawa, nakubaliana naye. Lakini huyu alikuwa anakula, anatembea, anaota jua. Shida yake ilikuwa mlango tu.

Mwishoni alikuja mama mjane anayeuza makala. Watoto wake wote ni wakubwa, wako Kolwezi na Lubumbashi. Wezi walimwibia mifuko miwili usiku. Nilimwambia mapema: "Mama, huyu haumi mwizi. Atabweka tu, na labda kwa kuchelewa, maana hasikii." Kusoma hajui, kwa hiyo binti alimsomea karatasi yote, mara mbili. Mama akauliza: "Iko nakula bukari?" Anakula. "Atakufa karibu?" Nikasema: "Labda miaka miwili, labda mitatu. Sijui."

"Mi vilevile," akasema, akacheka, akachukua kamba.

Tuliandika jina lake kwenye kadi. Vijana waliahidi kuchanga franka za chanjo kila mwaka, na mpaka sasa hawajashindwa. Nami nilimwambia kwamba siku akichoka, mbwa arudi kwangu, bila maneno mengi.

Baada ya mwezi nilimtembelea. Mbwa alikuwa amelala chini ya meza, juu ya mfuko mtupu, mweusi kwa vumbi la makala mpaka puani. Nilipiga mguu chini kidogo, akafungua macho. Nikamwambia: "Assis!" Alimtazama mama kwanza.

"Baba pasta," mama akasema, "huku hatusemaka Français."