Tuzilinde Njia za Miguu Kabla Ukuta Haujapanda

Ndugu mtahiniwa, kila asubuhi unafika shuleni kwa njia ipi? Kama unaishi Isanga au Iganzo jijini Mbeya, au unapanda kwa miguu kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, huenda unapita kwenye kichochoro kisicho na jina wala kibao. Maoni yangu ni kwamba kichochoro hicho ni mali yako pia, na una wajibu wa kukitetea.

Njia hizi hazipotei kwa siku moja. Jirani wa kwanza hupanda ua wa michongoma, wa pili husogeza uzio hatua moja, wa tatu hujenga ukuta wa matofali na kuweka geti. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeumia si mwenye gari, bali mama mwenye ndoo kichwani, mgonjwa anayekwenda zahanati, na wewe mwenye madaftari mkononi. Njia ikizibwa, wengi hulazimika kuzungukia barabara kuu ya TANZAM, ambako malori ya kwenda Tunduma hayamsubiri mtu. Kwenye miteremko, hata maji ya mvua hukosa pa kupita yakaingia majumbani.

Mwenye ukuta atasema, "Kiwanja nimenunua kwa fedha zangu." Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria hiyo hiyo inatambua haki ya njia ya umma. Aliyemuuzia kiwanja hakuwa na uwezo wa kumuuzia na njia ya mtaa mzima.

Tatizo kubwa ni ukimya wetu. Mitaa mingi ilijengwa kabla ya kupimwa, hivyo njia zake zinajulikana kwa nyayo tu, si kwa ramani. Urasimishaji wa makazi unapofika mtaani, wakazi huulizwa mipaka yao iko wapi. Hapo ndipo njia huokolewa au hupotea. Ikichorwa kwenye ramani, imepata ushahidi. Isipochorwa na bikoni zikashapandwa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Kwa hiyo, mzazi wako akiitwa kwenye mkutano wa mtaa, mkumbushe aitaje njia hiyo. Mkiona msingi unachimbwa juu yake, mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa taarifa ya maandishi siku hiyo hiyo. Kusimamisha msingi ni rahisi kuliko kubomoa ukuta, na ujirani hubaki salama. Somo la Uraia haliishii kwenye chumba cha mtihani. Wewe utamaliza kidato cha nne na kuondoka, lakini wadogo zako bado watahitaji pa kupita.